Fundi aliyekabidhi nyundo: uchambuzi wa kisa cha kudhoofika mapema, Lamu

Fundi huyu wa milango ya nakshi, umri wake miaka 52, alikuja kwetu kwa sababu ya jeraha. Patasi ilimteleza ikamchana kiganja cha kushoto, akashonwa, na wiki tatu baadaye kidonda kilikuwa bado kinatoa maji. Akaletwa upande wa tiba ya viungo ili vidole visikakamae. Kwenye kadi yake hapakuandikwa popote kwamba mwili umedhoofika, wala yeye hakulalamika. Alichotaka ni kimoja: "Nifungulie kidole hiki, daktari, Maulidi yamekaribia na nna mlango wa watu."

Baadhi ya habari zake nimezibadilisha, na nyingine nimezichanganya na za wagonjwa wengine wa rika lake. Lamu ni mji mdogo, ukimtaja mtu kwa kazi na mtaa umeshamtaja kwa jina.

Kidonda kisichofunga kwa mtu wa umri huo kinakupeleka moja kwa moja kwenye sukari, na kweli ilikuwapo. Nitaifikia. Swali lililonishughulisha mimi kwanza ni lile la patasi. Mtu aliyeshika patasi tangu hajaota ndevu, imtelezeje? Yeye aliulaumu mti. Mbambakofi ni mgumu, kila fundi anajua, na gogo kavu hurudisha chuma. Kijana aliyemsindikiza, mtoto wa nduguye, akainamisha kichwa akasema polepole: "Ami, nyundo siku hizi naipiga mimi. Siku ile sikuwapo."

Sentensi hiyo ya kijana ndiyo iliyofungua kisa.

Vitu alivyoviacha

Ukimuuliza mtu wa Lamu wa miaka hamsini na kidogo anaumwa na nini, atakwambia haumwi, alhamdulillahi. Labda magoti kidogo. Labda mgongo. Kwa hiyo nikauliza kwa njia nyingine: mwaka jana wakati kama huu, ni kazi gani ulikuwa ukiifanya mwenyewe ambayo leo anakufanyia mtu mwingine? Hapo mke wake, aliyekuwa amekaa kimya na mkoba wa dawa mapajani, akaanza kuhesabu.

Nyundo ilikuwa ya kwanza. Fundi sasa huchora nakshi kwa penseli, hukaa kwenye kibao akaelekeza, na kijana ndiye apigaye. Hapo hapana aliyeona ajabu, kwa kuwa ndivyo ufundi unavyorithishwa. Kisha kitanda. Nyumba yao ni ya mawe, ya ghorofa, ngazi zake zimesimama kama zilivyo za nyumba nyingi za zamani za mjini, kila kipandio kinafika karibu na goti. Walikuwa wakilala juu kwenye upepo, na tangu kabla ya Ramadhani iliyopita yeye amehamia chumba cha chini, akisema choo kiko karibu. Kijijini Shela alikuwa akienda kwa miguu kwa njia ya pwani kila alipokuwa na kazi huko. Sasa hungoja boti. Alfajiri huswali nyumbani. Na msikitini, kwenye swala nyingine, amechukua kiti.

Kila kimojawapo kilikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu mtu akishaota mvi mbili tatu kidevuni watu humpisha. Nahodha humshika mkono anaposhuka gatini, vijana humpokonya kikapu, punda hubeba simenti, na yote hayo ni heshima tuliyolelewa nayo. Lakini heshima hiyo hiyo inaweza kuufunika mwili unaopungua nguvu, kwa kuwa kila analoshindwa nalo hupata mtu wa kulifanya kabla hajatambua kwamba ameshindwa. Tena tunajidanganya kwa jambo jingine: mji hauna magari, kwa hiyo tunadhani kila mtu anatembea. Mtu anaweza kukaa mtaa wa Langoni mwaka mzima, baina ya karakana, baraza na nyumba yake, asitembee hatua za maana.

Kiti cha kuswalia kinahitaji maneno zaidi, na nayasema kwa adabu. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa, na si kazi yangu kumhoji mtu ibada yake. Lakini kwa macho ya tiba ya viungo, swala ni kipimo ambacho mtu hujipima kila siku bila kujua. Faradhi peke yake ni rakaa kumi na saba, na karibu kila moja ina kushuka chini na kuinuka. Kwa mtu wa miaka 75 kiti si habari. Kwa mtu wa miaka 52 namuuliza lini, na kwa nini. Jibu lake lilikuwa kwamba magoti hayamuumi sana wakati wa kushuka. Tatizo ni kuinuka, "miguu hainijibu". Maumivu na kukosa nguvu ni mambo mawili mbali, na aliyatenganisha yeye mwenyewe bila kuulizwa.

Mizani, kiti na mkono

Kadi yake ya miezi kumi na moja nyuma ilikuwa imeandikwa kilo 71. Mizani yetu ilisoma 66. Fundi akasema ni funga ya Ramadhani pamoja na ile ya sita. Mke akamkatiza: "Sita hufunga kila mwaka, baba watoto, na kila mwaka Mfunguo Pili mwili umerudi. Huu ni Mfunguo Sita." Mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu mbili mpya kwa msumari, kingo za tundu bado nyeupe, na pete yake ya akiki ameizungushia uzi mweusi upande wa ndani isimtoke kidoleni.

Kilo tano kutoka 71 ni asilimia 7 ya uzito. Na hapa pana mtego. Kwa kimo chake cha sentimita 170, kilo 66 zinampa uwiano wa uzito na kimo wa 22.8, na chati ya ukutani inasoma namba hiyo kuwa ni afya njema kabisa. Mpimaji asiyeitazama kadi ya nyuma angempongeza.

Nikamkalisha kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, nikamwambia akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano haraka awezavyo. Alitumia sekunde 16.8. Mara ya nne mkono wa kulia ulitaka kushuka kushika paja, nikamkumbusha, akaurudisha kwa aibu. Wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya misuli wameweka sekunde 15 kuwa mpaka: ukizidi hapo, nguvu za mapaja zina shaka. Mwendo wake wa kawaida kwa mita nne ulikuwa sekunde 4.4, yaani mita 0.91 kwa sekunde. Nguvu ya kukamata, mkono wa kulia tu kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na jeraha, ni kilo 28.

Kilo 28 kwa mkono wa fundi seremala. Kwa Waingereza waliopimwa kwa wingi, wanaume hufika kilele cha nguvu za mkono baina ya miaka 29 na 39, na mtu wa kati kati yao hukamata kilo 51. Sisemi fundi wa Lamu apimwe kwa Mwingereza, maana miili, vyakula na vimo vinatofautiana, na namba za nchi nyingi nje ya Ulaya huwa chini zaidi. Lakini mpaka wa udhaifu uliotolewa kwenye namba hizo ni kilo 27 kwa mwanamume, na mtu aliyekuwa akipiga nyundo asubuhi hadi jioni hapaswi hata kuukaribia.

Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitoa vigezo vitano vya kumtambua mtu aliyedhoofika, ambavyo bado ndivyo vinavyotumika zaidi: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kusikokwisha, mkono kukosa nguvu, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Ukiwa na vitatu au zaidi, mwili umeshadhoofika. Kimoja au viwili, uko njiani. Fundi alikuwa na uzito uliopungua. Alipoulizwa kama kwenye wiki iliyopita kila jambo lilikuwa kama mzigo, alijibu siku nyingi. Mkono wake, kwa mtu wa umbo lake, unahesabiwa dhaifu ukiwa kilo 29 au chini. Vitatu hivyo. Mwendo wake ulipita, na kigezo cha tano sikukihesabu, kwa kuwa orodha yao ya shughuli ina mambo kama kukata nyasi na kucheza gofu, na hapa mjini nyasi hukatwa na punda.

Je, vigezo vya wazee vinamfaa mtu wa miaka 52?

Swali hili liliulizwa na daktari mwenzangu, na lilikuwa na haki. Watu wa Fried walikuwa na miaka 65 na kuendelea.

Jibu limepatikana kidogo kidogo. Mwaka 2018 watafiti walivitumia vigezo hivyo, baada ya kuvirekebisha kidogo, kwa watu 493,737 wa Uingereza wenye miaka 37 hadi 73. Asilimia 3 walikuwa wameshadhoofika na asilimia 38 walikuwa njiani. Kilichonifanya niisome mara mbili ni kwamba hata miongoni mwa wanaume vijana wao, wa miaka 37 hadi 45, waliodhoofika walikufa zaidi ya wenzao katika miaka iliyofuata. Na hali hiyo iliwapata zaidi wenye maradhi mengi kwa pamoja, wavutaji sigara, wanene na maskini. Uchunguzi mwingine wa 2015, uliofanywa katika nchi 17 zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe kwa watu wa miaka 35 hadi 70 karibu 140,000, uliona kwamba kila kilo tano zinazopungua kwenye nguvu ya mkono ziliambatana na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 16, na kipimo hicho cha mkono kilitabiri kifo vizuri kuliko ile namba ya juu ya presha. Mkono wenyewe hauui mtu, bila shaka. Mkono unatoa habari za mwili mzima kwa gharama ya sekunde tatu.

Na huko Dunedin, New Zealand, watu waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walipimwa mwendo wakiwa na miaka 45. Wastani wao ulikuwa mita 1.3 kwa sekunde. Waliokwenda polepole miili yao ilikuwa imezeeka zaidi kuliko ya wenzao waliozaliwa nao mwaka mmoja. Ukiuweka mwendo wa fundi wetu karibu na namba hiyo, ule "umepita" wa vigezo vya wazee unakosa maana.

Mnyororo wa dawa

Mkoba aliopakata mke ulikuwa na pakiti za vituo vitatu na duka moja la dawa. Tulizitandaza mezani kwa mpangilio wa tarehe, na hadithi ikajisimulia.

Miaka miwili nyuma alipimwa presha, ikawa juu, akaandikiwa amlodipini. Dawa nzuri, ila baadhi ya watu huvimba vifundo vya miguu, naye alikuwa mmoja wao. Kituo cha pili kiliona uvimbe, kikampa vidonge vya kukojoza. Magoti yalipomuuma, dukani alipewa diklofenaki, akawa anainunua mwenyewe kila ikiisha. Diklofenaki huzuia maji na chumvi mwilini, hupandisha presha, na ikitumiwa muda mrefu huumiza figo na tumbo. Miguu ikaendelea kuvimba, kwa hiyo vidonge vya kukojoza vikaendelea. Tumbo likaanza kuwaka, ikaja omeprazoli. Kila aliyemhudumia alitibu alichoonyeshwa, na hakuna aliyewahi kuutandaza mkoba mzima.

Presha yake akiwa amekaa ilikuwa 128 juu ya 74, ya kusifiwa. Alipolala kisha akasimama dakika tatu, ikashuka hadi 104 juu ya 66, akashika ukuta. Kushuka kwa 20 au zaidi kwa ile namba ya juu ni hatari ya kuanguka. Ndipo nikaelewa kitanda. Usiku alikuwa akiamka mara kwa mara kukojoa, kwa vidonge na kwa sukari ambayo hakuwa anaijua; anasimama, kizunguzungu kinamshika, na mbele yake kuna ngazi za mawe gizani. Kuhamia chini ilikuwa busara. Lakini ngazi zile ndizo zilizokuwa mazoezi yake ya pekee ya mapaja, na alipoziacha hakuna kilichochukua nafasi yake. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini na arubaini, asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na nguvu huondoka mbele ya nyama. Asiyeitumia huharakisha, na sukari iliyopanda huharakisha zaidi.

Vipimo vya damu: sukari kabla ya kula 11.2, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu asilimia 9.1, ambapo 6.5 tu inatosha kusema mtu ana kisukari. Damu 12.1, ilhali mwanamume anatakiwa 13. Figo, kwa rehema, zilikuwa salama. Kifua kikuu kilipimwa kwa sababu mtu aliyekonda mwenye kisukari yuko kwenye hatari yake mara mbili hadi tatu ya mwingine, hakikuwepo. Virusi vya UKIMWI havikuwepo. Tezi ya shingo ilikuwa sawa. Kinyesi kilionyesha damu kidogo, jambo ambalo pakiti za diklofenaki zilikuwa zimeshalisema.

Jambo moja halikutoka kwenye kipimo chochote. Alhamisi usiku fundi hula miraa na wenzake barazani, na siku hizi si Alhamisi peke yake. Miraa huondoa njaa na usingizi, na huteremshwa kwa soda na chai tamu. Mke alilisema hilo akiwa ameshasimama kuondoka, mlango nusu wazi. Fundi hakukana.

Sukari tu, au zaidi?

Mwenzangu alishikilia kwamba hiki ni kisukari, basi: kimemkondesha, kimemchosha, mpe dawa atarudi alivyokuwa. Nusu ya hoja yake naikubali. Nilikataa kuandika kwenye faili kwamba mtu huyu amedhoofika na kuishia hapo, kwa sababu maneno hayo yakishaandikwa kila anayefuata huyasoma kama hukumu, na uzito na uchovu wake vilikuwa na sababu inayotibika. Kabla ya kumpa mtu jina hilo, lazima utafute kisukari, kifua kikuu, upungufu wa damu, tezi, saratani, huzuni iliyokaa moyoni, na dawa zake mwenyewe.

Nusu ya pili siikubali. Nyundo ilikabidhiwa mapema, kabla ya kiu na kukojoa sana kuanza, kwa mujibu wa kijana. Na kuna hatari ya kivitendo. Mgonjwa mpya wa kisukari kwetu hupewa metformini na karatasi inayomwambia apunguze kula, apunguze uzito, atembee. Kwa walio wengi karatasi hiyo ni sahihi. Kwa huyu ingekuwa kumsukuma shimoni: amepoteza kilo tano, sehemu kubwa yake huenda ni nyama ya misuli, na metformini yenyewe hupunguza hamu ya chakula mwanzoni. Tungempa dawa, sukari ikashuka, tukafurahi, na mapaja yakaendelea kuisha.

Basi daktari alisimamisha diklofenaki na vidonge vya kukojoza, akabadilisha amlodipini kwa losartani, akaanza metformini kwa dozi ndogo, na vidonge vya madini ya chuma. Mimi nikabaki na chakula na nguvu.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Asubuhi chai na mahamri, mchana karakanani viazi karai, usiku anarudi hana njaa na samaki wa mkewe anabaki kwenye bakuli. Tulilenga gramu 80 hivi za protini kwa siku, zilizogawanywa, asizingoje usiku. Mayai mawili asubuhi ni gramu 12. Bakuli la mbaazi lisilozama kwenye tui ni 15 au karibu yake. Kipande cha changu au tasi cha gramu mia kina 20 na kitu, na msimu wa kusi bahari ikichafuka samaki akawa ghali, kunde na maziwa huziba pengo. Mahamri yamebaki, moja. Miraa tuliafikiana irudi kuwa ya Alhamisi, na soda iondoke kabisa.

Nguvu ndiyo iliyoleta ubishi. Nilitaka mambo matatu: ainuke na kukaa kwenye baraza ya mawe ya nyumbani, mara nane, apumzike, arudie mara tatu, apandishe ndoo ya maji nusu kutoka chini hadi juu asubuhi na jioni, baada ya kizunguzungu kwisha, na nyundo irudi mkononi mwake saa moja kwa siku kidonda kikifunga. Mke akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Daktari, watoto wake wamejaa nyumbani, yeye abebe ndoo? Watu watasema tumemtupa."

Sikuwa na jibu zuri. Fundi ndiye aliyejibu, akitazama mkono wake uliofungwa: "Ndani ya nyumba nani ataniona?"

Ikawa ndani ya nyumba. Na zoezi la baraza likahamia tekani, ukumbi wa ndani nyuma ya mlango. Kijana naye tulimpa kazi ngumu kuliko zote, ya kukaa akamwangalia ami yake anahangaika na mbambakofi bila kumpokonya nyundo. Aliniambia baadaye kwamba siku za mwanzo alikuwa akitoka nje asione.

Siku ile ile mke aliomba naye apimwe, nusu kwa mzaha. Ana miaka 47, kilo 88, presha anaijua lakini dawa humeza anapoumwa kichwa. Aliinuka mara tano kwa sekunde 15.5, akitweta. Nalitaja kwa sababu watu wakisikia kudhoofika hufikiria mtu aliyekonda, na wale wa Uingereza walionyesha kwamba unene nao huambatana na hali hiyo. Ana faili lake sasa.

Baada ya miezi minne

Uzito kilo 68.5. Sukari kabla ya kula 7.4, ile ya miezi mitatu 7.3. Presha haianguki tena akisimama, na vifundo havivimbi. Damu 13.2. Kiti: sekunde 12.9. Mwendo mita 1.1 kwa sekunde. Mkono wa kulia kilo 32.

Kilo 32 ni zaidi ya 28, na bado ni chache kwa kazi yake. Sukari imeteremka sana lakini mkono umepanda kidogo tu, na mimi nasoma hapo kwamba sehemu ya udhaifu ule haikuwa ya sukari, ilikuwa ya kutotumika, na itachukua mwaka au zaidi kurudi kama itarudi yote. Kitanda bado kiko chini. Mke amekizoea na hataki kuamshwa na ngazi. Shela bado kwa boti. Miraa imepungua, haijarudi Alhamisi peke yake. Msikitini amekiacha kiti kwenye Adhuhuri na Alasiri, na hukichukua Isha akiwa amechoka, jambo ambalo naliona ni mpango mzuri.

Ningependa wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wanapita majumbani na mizani, mashine ya presha na kipima sukari, waongezewe mambo mawili yasiyo na gharama: kulinganisha uzito wa leo na wa mwaka jana, na kumwambia mtu ainuke kwenye kiti mara tano. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa hata mara moja, kwa hiyo mlango wa nyumba ni mahali pazuri pa kuanzia. Mhudumu akishaingia ndani, aulize pia kitanda kilihamia chini lini.

Sasa ni Rajabu, na jambo lililo mbele yetu ni Ramadhani. Miongozo ya kisukari na funga inataka mtu apimwe wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, na ndiyo maana tumemwita mapema. Figo zimepimwa tena, ziko salama, na metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo daktari amemruhusu kufunga, dawa zikihamia kwenye futari na daku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6 atafungua, saa yoyote iwayo, na sheikh wake amemwambia hivyo hivyo. Daku haitakuwa chai tupu. Zoezi la tekani litafanywa usiku baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Atajipima uzito kila Ijumaa kwenye mizani ya jirani muuza nafaka, na akipungua kilo mbili tumekubaliana aje kabla ya Idi.